Mwanangu kapata Divisheni Wani, anataka uhandisi wa kemikali. Deni la Bodi litalipika?

Mtambwe_Shamba (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau. Mimi ni mkulima wa Mtambwe, Pemba. Si mtu wa kuandika sana, na hata miwani ninayosomea nimeazima. Naleta jambo linaloninyima usingizi.

Binti yangu wa pili kamaliza kidato cha sita skuli ya Fidel Castro, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), kapata Divisheni Wani. Ukoo wetu haijapata kutokea. Mama yake alipika pilau, majirani wakaja, mambo yakawa mazuri mpaka siku ya pili, mtoto aliponambia anachotaka kusoma: uhandisi wa kemikali, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka minne.

Shemeji yangu wa Unguja kasema hapana, asome ualimu au ufamasia. "Hizo kemikali Zanzibar atazifanyia nini, atatengeneza baruti?" Mimi nilikosa la kumjibu kwa sababu hata mimi sijui atazifanyia nini.

Sasa pesa. Naziona njia mbili. Moja ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ya pili, nina mikarafuu thelathini na mbili niliyorithi kwa marehemu baba, na kuna mtu yuko tayari kuinunua pamoja na shamba ilimo. Si kukodi msimu, kununua moja kwa moja, pesa mkononi.

Ninachouliza: mhandisi wa kemikali akianza kazi anapata kiasi gani, na deni linakwisha baada ya muda gani? Nataka hesabu, sitaki kutiwa moyo. Moyo ninao.

Kibandamaiti_Boy

Hongera sana mzee. Lakini hiyo si ile kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali? Kupima unga wa kulevya na sumu?

Makonyo

Hapana yakhe, usimpoteze mzee. Mkemia na mhandisi wa kemikali ni watu wawili.

Mzee, mfano uko hapo hapo kwenu. Kiwanda cha Wawi, kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, unakijua. Mkemia anachukua kichupa cha mafuta anakwambia eugenoli, kile kinachoipa karafuu harufu yake, ni asilimia ngapi. Mhandisi wa kemikali ndie anaesema boila iwe ya ukubwa gani, mvuke upite kwenye makonyo kwa saa ngapi, maji ya kupozea yawe mengi kiasi gani, na kwa nini mafuta mengine yanaondoka na maji wakati ni pesa. Makonyo yana mafuta kama kilo 5 au 6 kwa kila kilo 100. Karafuu yenyewe inafika 15 na zaidi. Kupata zile kilo 6 badala ya 4, kwa kuni hizo hizo, hiyo ndiyo kazi ya mwanao.

Basi panapopikwa kitu kwa wingi yupo: sukari, sabuni, saruji, rangi, mafuta ya kula, maziwa, mbolea, dhahabu, gesi, maji ya kunywa. Shemeji yako mwambie baruti ni mlango mmoja tu katika mia.

Mlimani_Mpaka_Mkoani

Waalaykum salaam ami. Nijibu mimi kwa sababu nimepita njia hiyo hiyo: mtoto wa Mkoani, uhandisi wa kemikali Mlimani, niliingia 2018 nikatoka 2022. Sasa niko Dar, kiwanda cha sabuni na mafuta ya kula. Nitakupa namba zangu mwenyewe, nisikupe za kusikia.

Kwanza deni. Watu wanafikiri deni ni ada. Ada si tatizo kubwa. Enzi yangu ilikuwa kama milioni 1 na laki 3 kwa mwaka, kwa miaka minne milioni 5 na laki 2. Kinachojaza deni ni bumu, ile pesa ya kula na kulala. Wakati wetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Zidisha na siku kama 240 za masomo, ni milioni 2 na elfu 40 kwa mwaka, zaidi ya milioni 8 kwa miaka minne. Weka vitabu, weka mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kila mwaka kwa miaka mitatu. Mimi nilitoka na deni la milioni 15 na laki 6.

Binti yako atatoka na zaidi, kwa sababu tangu mwaka wa masomo 2022/23 bumu limepanda kuwa 10,000 kwa siku. Nikikadiria kwa ada ile ile, akipewa asilimia mia, atamaliza na milioni 17 na robo hivi. Andika namba hiyo pahala.

Sasa mshahara. Kazi yangu ya kwanza nililipwa laki 8 na nusu, kabla ya makato. Angalia inavyoyeyuka:

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10: 85,000. Kodi ya mapato, baada ya kutoa NSSF: 69,250. Mkopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 127,500. Kilichobaki mkononi: 568,250.

Chumba Tabata, nauli, chakula, kumtumia mama. Mwezi ukifika tarehe 20 unaanza kuwakumbuka marafiki wote uliowasahau.

Kwa makato yale ya 127,500 deni langu lingechukua miaka kumi na miezi miwili. Miaka kumi! Lakini baada ya mwaka na nusu nilipandishwa, leo nalipwa milioni 1 na laki 2. NSSF 120,000, kodi 152,000, mkopo 180,000, nabaki na 748,000. Kwa mwendo huo deni zima ni miaka saba na kitu. Kwa hiyo ami, jibu la "linakwisha lini" ni baina ya miaka saba na kumi, kwa deni kama langu na mtu wa kawaida aliepata kazi ya kawaida. Si mhodari sana, si mwenye bahati mbaya.

Na hili la mwisho ndilo nililokuja kulisema. Shemeji yako anazungumza kana kwamba ufamasia au ualimu hauna deni. Una. Bumu ni lile lile kwa kila mtu. Famasia nayo miaka minne. Shahada ya ualimu ni miaka mitatu, kwa hiyo utaokoa mwaka mmoja, kama milioni 4 hivi. Basi. Deni si la kemikali, deni ni la kula Dar es Salaam miaka minne. Kinachotofautisha kozi na kozi ni baada ya hapo: utasubiri kazi muda gani, na kazi yenyewe iko wapi.

Ngalawa77

Post ya kuhifadhi hii. Ila umesahau kodi ya chumba inaombwa ya miezi sita mbele.

Mlimani_Mpaka_Mkoani

@Ngalawa77 sijaisahau, inaniuma tu kuiandika.

Jirani_wa_Mskiti

Mzee, kabla ya hesabu za dunia angalia riba. Mkopo unaorudishwa kwa nyongeza ni riba, hata kama kaandika serikali.

Mchangani_Dukani

Ustadh, ilikuwepo nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, wakiita ya kulinda thamani ya mkopo. Iliondolewa kuanzia Julai 2021, na ile faini ya asilimia 10 ya kuchelewa ikaondolewa pia. Sisi tuliosoma zamani tulianza na makato ya asilimia 8, marekebisho ya sheria ya 2016 yakayafanya 15. Kwa hiyo leo makato ni makubwa kuliko ya zamani lakini deni halizai tena. Hukumu yake muulize sheikh wako, ila muulize kwa taarifa za leo, si za 2015.

Jirani_wa_Mskiti

Kama halizai hapo sina neno. Lakini deni linabaki deni. Maiti huulizwa.

Sapu_Tatu

Naona kila mtu anahesabu kuanzia siku ya mshahara wa kwanza. Mimi nihesabu kuanzia siku ya mahafali.

Nilimaliza uhandisi huo huo, chuo kimoja cha Bara. GPA 3.1, si mbaya si nzuri. Nilirudi Chake nikakaa miezi ishirini na sita. Miezi ishirini na sita, mzee. Asubuhi naamka naandika barua za maombi, jioni nacheza bao na waliofeli kidato cha nne ambao wana bodaboda na wake. Kazi niliyoitwa kwanza ilikuwa ya mwezi mmoja, kusimamia usafishaji wa matangi, nikalipwa kwa siku kama kibarua. Wakati huo deni lipo linakutazama. Usipoajiriwa haliondoki: ukijiajiri unatakiwa ulipe angalau laki moja kwa mwezi. Laki moja unaijua wewe mwenye shamba, kuna miezi haionekani.

Halafu kuna jambo wasomi hawapendi kulitaja. Wapo wanaodisko, yaani wanaofeli wakaondolewa chuo. Hesabu za mwaka wa pili, zile za uhamishaji wa joto na mtiririko wa vimiminika, zinakula watu. Darasani kwetu tuliingia wengi tukatoka pungufu. Aliedisko mwaka wa pili kaondoka na deni la miaka miwili na karatasi hana. Huyo ndie mwenye deni kubwa kuliko wote hata kama milioni zake ni chache.

Sisemi asisome. Nasema hesabu iwe na mstari wa miezi isiyokuwa na mshahara.

Makonyo

@Sapu_Tatu sasa uko wapi?

Sapu_Tatu

Kiwanda cha maji ya chupa. Nalipwa vizuri kuliko mwenye bodaboda, kwa tabu.

Bi_Kofia_Ngumu

Nimesoma post zote, naona wanaume tu wanapangia maisha ya mtoto wa kike. Niingie.

Mimi ni wa Unguja, Bububu. Nilisoma kozi hiyo hiyo, deni langu lilikuwa milioni 14. Nikaenda mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, upande wa kuchenjua. Pale mawe yanasagwa yakawa unga, yanachanganywa na maji, yanaingia kwenye matangi yenye sayanaidi na makaa, dhahabu inayeyuka kisha inashikwa na makaa. Anaesimamia matangi yale ni mhandisi wa kemikali au wa uchenjuaji. Nilianza na milioni 2 na laki 8. Asilimia 15 yake ni laki 4 na elfu 20 kwa mwezi, deni likaisha ndani ya miaka mitatu kasoro. Nilipopata barua ya kumaliza nikaipiga picha nikamtumia mama, akanuliza "hii ni nini?" Nikamwambia uhuru.

Kwa hiyo deni lile lile, mmoja analilipa miaka kumi, mwengine mitatu, na tulikaa dawati moja. Msiulize "mhandisi wa kemikali anapata kiasi gani". Ulizeni yuko kiwanda gani na mkoa gani.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Zamu ni wiki mbili ndani, wiki moja nje. Ndani maana yake kambini, kofia ngumu juu ya mtandio, buti za chuma, zamu za usiku. Kutoka Mwanza kuja Unguja kwa wiki moja, siku mbili zinaliwa na safari. Nimekosa maziko ya bibi yangu. Wachumba wawili walinambia niache kazi kwanza. Wa tatu hakusema hivyo, ndie baba watoto.

Na kuna jambo la dini ambalo hakuna anaewatajia watoto wetu kabla hawajachagua. Bara, waajiri wakubwa wa fani hii ni pamoja na viwanda vya bia. Wanalipa vizuri, wanafundisha vizuri, na wanachukua wahitimu wapya. Mimi niliitwa kwenye usaili wa kimoja, nikaenda mpaka getini nikarudi. Sijuti, lakini nilikaa miezi saba zaidi bila kazi kwa ajili ya kurudi kule. Mtoto wa Kizanzibari mwenye kushika dini yake akiingia fani hii ajue kuwa sehemu ya soko kaifunga mwenyewe. Mzee aiweke hiyo kwenye ule mstari wa Sapu_Tatu.

Mtambwe_Shamba (mleta uzi)

Ahsante mwanangu Bi Kofia. Hili la bia sikulijua. Nimelisoma kwa sauti, mama yake kanyanyuka kaenda jikoni. Binti kasema "baba, hata mimi nisingeingia." Kasema haraka mno, nadhani alishafikiri.

Swali jengine. Hapa kwetu hakuna kazi hiyo kabisa? Lazima aende Bara?

Fumba_Leo

Mzee, zipo lakini zihesabu kwa vidole. Kuna makonyo Wawi. Kuna sukari Mahonda. Kuna maziwa huku Fumba. Kuna maji, Mamlaka ya Maji, kutibu na kupima. Kuna mwani, ambao tunaulima tangu 1989 na mpaka leo mwingi tunauanika tu na kuusafirisha mkavu. Wenzetu nje wanautoa karajinani, ule ute unaoshikisha aiskrimu na dawa ya meno, na pesa iko huko. Chamanangwe pale Pemba ndiko kiwanda cha mwani kilikopangwa. Siku mwani ukisindikwa hapa kwa wingi, mtu kama binti yako atatafutwa nyumbani kwake.

Lakini jumla ya nafasi hizo kwa mhandisi ni chache, na aliezishika haziachii mpaka astaafu. Kila mwaka wanarudi wahitimu.

Kibandamaiti_Boy

Na mafuta na gesi ya Pemba je? Si walisaini na kampuni ya Ras al Khaimah, kule Emirati?

Fumba_Leo

Walisaini, 2018, kitalu cha Pemba na Zanzibar. Sheria yetu ya mafuta na gesi ni ya 2016. Mimi nimekuwa nikisikia mafuta ya Pemba tangu nasoma madrasa. Kusaini ni kutafuta, kutafuta si kupata, na kupata si kuchimba. Songo Songo gesi ilionekana 1974, ikaanza kutumika 2004. Miaka thelathini! Msimnunulie mtoto shahada kwa mafuta ambayo bado yako chini ya bahari.

Tunguu_Damu

Kwa nini asisome hapa hapa? Kuna tawi la IIT Madras, chuo cha India, hapo Bweleo, Unguja.

Mlimani_Mpaka_Mkoani

Chuo kizuri, lakini kilipofunguliwa 2023 ada ya shahada ya kwanza ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne dola 48,000. Hata ukihesabu dola kwa shilingi 2,500 ni milioni 120. Akipata ufadhili kamili, mbio. Bila ufadhili mzee atauza mikarafuu yake na ya majirani.

Mpemba_wa_Houston

Salaam kutoka Texas. Niko kwenye viwanda vya kusafisha mafuta mwaka wa kumi na moja, mimi si mhandisi, ni fundi wa mabomba, lakini nakula meza moja na wahandisi wa kemikali kila siku. Naona vijana wanatumiana mitandaoni namba za huku, nataka niziweke sawa.

Ni kweli mhandisi wa kemikali Marekani analipwa. Takwimu za serikali za Mei 2023 zinasema mshahara wa katikati, yaani nusu wako juu yake na nusu chini, ni dola 112,100 kwa mwaka. Anaeanza yuko chini ya hapo. Mwanafunzi wa huku anaetegemea wazazi hawezi kukopa serikalini zaidi ya dola 31,000 kwa shahada nzima ya kwanza. Ukiziweka pamoja, kozi hii huku inajilipa haraka kuliko nyingi. Ndiyo maana wanasema kanuni yao: deni lisizidi mshahara wa mwaka wako wa kwanza.

Lakini mtoto wa Mtambwe hapewi mkopo wa serikali ya Marekani, si raia. Atalipa ada ya mgeni, dola 30,000 kwa mwaka na kupanda kwenye vyuo vingi vya serikali, kabla hajala. Kwa hiyo mshahara anaouona ni wa mtu mwengine na deni atakalolibeba ni la mtu mwengine tena.

Kwa kanuni hiyo ya kwao, deni la milioni 17 kwa mshahara wa laki 8 na nusu, ambao kwa mwaka ni milioni 10 na laki 2, halifai. Ukisimama hapo utamkataza mtoto. Ila deni la huku linazaa kila mwezi, la kwenu kwa alivyoeleza Mchangani halizai, na haliwezi kukukata zaidi ya asilimia 15. Deni lisilozaa lina tabia nyengine. Linachelewesha maisha, halikimbii mbele yako.

Mchangani_Dukani

Hapo umesema. Tena deni lisilozaa, kwa bei za vitu zinavyopanda, linazidi kuwa dogo kila mwaka. Milioni 17 ya leo na milioni 17 ya baada ya miaka minane si pesa moja. Mie muuza duka naijua hiyo kuliko profesa.

Mtambwe_Shamba (mleta uzi)

Nimeelewa. Sasa nisaidieni la shamba. Kuna waliokuja sanduku la ujumbe wakanambia uza, mtoto asome bila deni, awe huru.

Makonyo

Ami, nakuomba usiuze. Wewe ni mkulima unanizidi, lakini nikwambie kama mtu wa mahesabu. Mikarafuu thelathini na mbili iliyokomaa ni mali inayozaa. Deni lisilozaa unaliziba kwa mali inayozaa? Ni sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa kumlipa mtu anaekudai bila haraka. Kama ni dharura, kodisha msimu mmoja, miti ibaki yako.

Sapu_Tatu

Naunga mkono. Ile miezi ishirini na sita niliyokaa bila kazi, kilichonilisha ni msimu wa karafuu wa mjomba. Nilichuma, nikanyambua, nikaanika. Mhandisi mzima juu ya mti, majirani wakanicheka, nikala.

Bi_Kofia_Ngumu

Mikarafuu iwe ndiyo mstari wa miezi isiyokuwa na mshahara. Msimu mzuri ukija baada ya yeye kuhitimu, chukueni hata milioni moja mpeleke kwenye deni. Inaruhusiwa kulipa zaidi ya unayokatwa, unaomba namba ya malipo unalipa. Mimi nilifanya mara mbili.

Na mwambie binti mambo mawili ya kazi. Mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu asiyafanye pahala pa karibu na nyumbani ili ale kwa mama. Aende kiwanda kikubwa hata kama ni mbali, kazi yangu ilitoka hapo, msimamizi alinikumbuka. Pili akimaliza ajiandikishe Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kuna mpango wa miaka mitatu wa kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu mpaka naye asajiliwe kuwa mhandisi kamili. Bila usajili mishahara inagota.

Jirani_wa_Mskiti

Na akae hosteli ya watu wazuri.

Bi_Kofia_Ngumu

Ustadh, atakaa na watu wa kila aina na atarudi na akili zake. Mimi nimerudi.

Mtambwe_Shamba (mleta uzi)

Wadau, nimechelewa kurudi, tulikuwa na mazishi Kangagani.

Jana usiku nilikaa na binti na mama yake na daftari. Yeye akaandika, mimi nikasoma kutoka kwenye simu. Milioni 17 na robo akaikata mara mbili, akasema baba, wamekosa kuweka kuwa mwaka wa nne hakuna mafunzo kwa vitendo. Nikarudi juu kusoma nikaona kijana wa Mkoani aliandika miaka mitatu, kwa hiyo alieweka sawa ni yeye na aliekosa ni binti yangu. Kanyamaza. Mara ya kwanza tangu matokeo yatoke.

Kisha nikamuonesha ile ya laki 8 na nusu. Nikamwambia deni hili, kama mambo yakienda wastani, utalimaliza una miaka thelathini na moja, thelathini na mbili. Akanuliza mche wa mkarafuu unachukua muda gani mpaka uzae. Nikamwambia saba, minane. Akasema basi tupande mche siku nitakayoanza kazi tuone kipi kitatangulia. Mama yake kacheka, mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu.

Shamba siuzi. Yule mtu nimemwambia. Kama hazikutosha nitakodisha msimu mmoja wa vuli, na binti anajua kuwa Wawi na Mahonda hazitoshi, anajua atakwenda Bara na huenda akabaki. Mama yake hilo bado hajalikubali, analipika polepole. Shemeji hajambo, kasema tusimtafute baadae.

Swali langu la mwisho. Kwa mtoto wa Pemba aombe Bodi ipi, ya Bara au hii yetu ya Zanzibar?

Mlimani_Mpaka_Mkoani

Wapo wetu wanaopata ya Bara, wapo wanaopata Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ile ya sheria ya 2011. Mtu hali sahani mbili. Asome masharti ya mwaka huu ya zote kabla dirisha halijafunguliwa, kozi zinazopewa kipaumbele zinatajwa humo. Na cheti cha kuzaliwa mkithibitishe mapema, watu wengi hukwama hapo, jina la skuli na jina la cheti haviendani.

Mtambwe_Shamba (mleta uzi)

Lake skuli kaandikwa kwa jina la babu. Cheti kina jina langu.

Mlimani_Mpaka_Mkoani

Basi ami kesho asubuhi anzeni na hilo, mikarafuu itasubiri. Na sheha wenu mumuwahi kabla ya bamvua, kama ni yule ninaemjua akishaingia baharini hapatikani mpaka maji yarudi.